Jukwaa la Nairobi, Washindi wa Majirani

Kati ya 2006 na 2013, misimu sita ya Tusker Project Fame, shindano la televisheni la waimbaji wa Afrika Mashariki, ilitoa washindi sita: Wakenya wawili, Waganda wawili, Mnyarwanda mmoja na Mrundi mmoja. Tanzania haimo. Na hiyo ndiyo miaka ambayo hukuweza kupanda matatu Nairobi ukashuka bila kusikia Ali Kiba au, baadaye kidogo, Diamond Platnumz. Nchi iliyokuwa inaliuzia eneo zima muziki ilifika kila mara kwenye jukwaa la Kenya, ikapigiwa makofi, ikarudi nyumbani mikono mitupu. Wengi walilieleza jambo hili kwa kura za simu na upendeleo wa mataifa. Mimi naona jibu ni la zamani zaidi, na linaanzia kwenye kipande kifupi cha barabara katikati ya jiji, miaka mingi kabla ya televisheni.

Barabara ya Harry Thuku si ndefu. Hapo pana hoteli ya Norfolk, ukumbi wa Kenya National Theatre uliofunguliwa 1952, mwaka ule ule serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari, kisha chuo cha muziki cha Kenya Conservatoire kilichoanzishwa 1944, na Jumba la Utangazaji ambamo shirika la utangazaji la Sauti ya Kenya lilikuja kukaa. Upande wa pili wa uzio ni Chuo Kikuu. Mtu angeweza kufundishwa kuimba, akashindanishwa, akarekodiwa na akatangazwa redioni bila kutembea zaidi ya dakika kumi. Mashindano yenyewe yalikuwa ya zamani kuliko ukumbi huo na chuo hicho. Kenya Music Festival, tamasha ambalo kila aliyepita shule nchini analijua, lilianza 1927 kama burudani ya walowezi, kwa kufuata desturi ya Uingereza ya kushindanisha kwaya mbele ya mwamuzi mwenye kalamu na karatasi. Shule za Waafrika ziliingia baadaye, na zilipoingia ziliikuta desturi imekwisha kukomaa: wimbo mmoja umeteuliwa, kwaya zote zinauimba huo huo, na mwamuzi anasimama mwishoni kueleza hadharani nani alipoteza sauti ya pili na nani alimeza konsonanti.

Anayedhani ukali wa majaji ulikuja na televisheni hajawahi kukaa chini ya jukwaa la tamasha hilo akiwa na umri wa miaka kumi na mbili. Ndani yake walilelewa na walifanya kazi watu wazito. George Senoga-Zake, mzaliwa wa Uganda, Graham Hyslop, aliyekuwa afisa wa muziki wa serikali ya kikoloni, na Washington Omondi walikuwa miongoni mwa watu watano waliotengeneza wimbo wa taifa wa 1963 kutokana na wimbo wa kubembeleza watoto wa Wapokomo. Omondi huyo huyo aliongoza tume ya rais iliyochunguza hali ya muziki nchini mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tamasha lenyewe lilipanuka, likapokea ngoma, nyimbo za asili na tungo mpya. Lakini kiini cha mafunzo yake kilibaki kile kile. Sifa kuu ilikuwa kuuimba vizuri wimbo ulioandikwa na mtu mwingine.

Kulikuwa na shule nyingine ya muziki jijini, isiyokuwa na vyeti. Televisheni ilifika Kenya 1962, ikirushwa mwanzoni kutoka nyumba ya shambani Limuru, na mwaka 1964 shirika la utangazaji likataifishwa kuwa Sauti ya Kenya. Runinga zilikuwa chache mno kumfanya mtu nyota. Nyota walitengenezwa na redio na santuri. Studio ya Equator Sound ilikuwa na bendi yake, na ukiisoma orodha ya wanamuziki wake utadhani ni timu ya mashindano ya kimataifa: Fadhili William na Daudi Kabaka wa Kenya, Charles Sonko wa Uganda, Nashil Pichen na Peter Tsotsi waliotoka Zambia. Wimbo wa Kabaka, Helule Helule, ulirekodiwa upya na kundi la Uingereza, The Tremeloes, mwaka 1968. Baadaye wakaja ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga na Simba Wanyika yao. Wakongo nao wakafuata na bendi zao, Super Mazembe, Baba Gaston, Les Mangelepa, na Samba Mapangala na Virunga. Walipiga Starlight na Garden Square katikati ya jiji, na walipiga Bombax kule Dagoretti Corner, ambako mji ulikuwa unaishia kwenye mashamba ya Wakikuyu na mtu wa Kawangware angeweza kurudi nyumbani kwa miguu usiku.

Jaji wa shule hiyo alikuwa mnunuzi wa santuri pale River Road na mlevi aliyelipa kiingilio. Hakuandika maoni. Wimbo usipochezeka, watu walikaa, na wiki iliyofuata mwenye klabu alitafuta bendi nyingine. Simba Wanyika hawakuulizwa hata siku moja kama wanaweza kuimba wimbo wa Whitney Houston. Waliulizwa kama wana wimbo wao.

Shule hizi mbili zilipishana mitaani bila kusalimiana sana. Kwaya ya kanisa na ya shule ilimpeleka mtu kwenye heshima, na bendi ilimpeleka kwenye sifa mbaya na, mara moja moja, kwenye pesa. KTN ilipoanza 1990, stesheni ya kwanza ya binafsi, ikirusha matangazo kutoka Nyayo House, vijana waliopata picha za muziki kupitia Jam-A-Delica ya Jimmi Gathu walikuwa kwa kiasi kikubwa watoto wa shule ya kwanza. Kundi la Five Alive, alikotoka Eric Wainaina, lilisimama juu ya sauti zilizopangwa vizuri, bila ala, kwa Kiingereza safi. Mitaa ya magharibi ya jiji ilijaa mafunzo ya namna hiyo: makanisa makubwa ya Valley Road na Ngong Road yenye kwaya za mazoezi makali, shule za Lavington na Kilimani zenye walimu wa piano. Dandora na Umoja zilikuwa na habari nyingine, lakini huko kamera zilichelewa kufika.

Halafu dunia ikapata biashara mpya: mashindano ya uimbaji ya televisheni. New Zealand ilikuwa na Popstars mwaka 1999. Mwaka 2001 Uingereza ikaleta Pop Idol, na Hispania ikaleta Operación Triunfo, ambayo haikushindanisha waimbaji tu, iliwafungia ndani ya chuo, ikawafundisha mbele ya kamera na kuwatoa mmoja mmoja. Mipango hii iliuzwa nchi hadi nchi pamoja na vitabu vya maelekezo. Afrika iliipata kupitia Afrika Kusini: M-Net walifanya Project Fame mwaka 2004, na mshindi akawa Lindiwe Alam wa Zambia.

Mwaka huo huo kampuni ya Coca-Cola ilileta Popstars Afrika Mashariki, na kwangu hilo ndilo shindano lenye kufundisha kuliko yote, ingawa halikumbukwi sana. Kila nchi ilitoa kundi la watu watatu. Kenya ikapata Sema: Sanaipei Tande, Pam Waithaka na Kevin Waweru. Uganda ikapata Blu 3: Lilian Mbabazi, Jackie Chandiru na Cindy Sanyu. Tanzania ikapata Wakilisha: Shaa, Witness na Langa. Watu waliokutana kwenye foleni ya majaribio walitangaziwa kwamba sasa wao ni bendi. Ndoa za namna hiyo zina mwisho unaojulikana. Makundi yote matatu yalivunjika. Lakini hesabu waliobaki: Sanaipei akawa mmoja wa sauti za kudumu za Kenya, redioni na jukwaani, Waganda wote watatu wakafanya kazi ya peke yao, na Cindy bado ni jina zito Kampala, Shaa na Witness wakaingia Bongo Flava, na Langa akawa miongoni mwa marapa waliosikilizwa hadi alipofariki Juni 2013. Shindano lilishindwa kutengeneza makundi, likafaulu kutambua watu.

Tusker Project Fame ilianza 2006. Mdhamini alikuwa kampuni ya bia ya East African Breweries, yenye kinywaji kilichopewa jina kwa kumbukumbu ya tembo aliyemuua mmoja wa waanzilishi wa kiwanda katika miaka ya 1920. Akademi ilikaa Ruaraka, upande wa kiwanda, mbali na studio za katikati ya jiji. Vijana waliishi humo, wakafundishwa sauti na jukwaa na walimu kama Hellen Mtawali, wakaimba Jumamosi, na Jumapili mmoja wao akafunga virago. Watazamaji walipiga kura kwa ujumbe wa simu wenye kutozwa ada ya juu kuliko kawaida. Ilikuwa biashara ya simu kama ilivyokuwa ya bia, na inafaa kukumbuka kwamba M-Pesa ilikuwa haijazaliwa: huo ujumbe mfupi ndio uliokuwa teknolojia ya kisasa mkononi mwa mtu wa kawaida.

Mshindi wa kwanza alikuwa Valerie Kimani wa Nairobi, sauti tulivu ambayo baadaye iliimba Baisikeli, wimbo wake mwenyewe, ukapendwa. Msimu wa pili ulifika 2008, mwaka ulioanza kwa Wakenya kuuana kwa sababu ya uchaguzi. Nchi iliyokuwa imepiga kura ya damu iliketi tena kupiga kura, safari hii ya nyimbo, na Esther Nabaasa wa Uganda akashinda. Mwaka 2009 akaja Alpha Rwirangira wa Rwanda. Mwaka 2010 Davis Ntare wa Uganda. Mwaka 2011, nje ya hesabu ya misimu sita, waliitwa nyota wa misimu iliyotangulia wakashindana wao kwa wao, na Alpha akashinda tena, kabla ya kwenda Marekani kusomea muziki Kentucky. Ruth Matete aliirudishia Kenya taji 2012, na 2013 Hope Irakoze akalipeleka Bujumbura pamoja na shilingi milioni 5 na mkataba wa kurekodi.

Tazama miaka. Rwanda na Burundi zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007, na soko la pamoja likaanza rasmi Julai 2010. Arusha, yalipo makao yake makuu, ilikuwa na maofisa, itifaki na bendera. Lakini Jumuiya ambayo mama mboga wa Kangemi aliijua ni ile iliyoingia sebuleni kwake Jumamosi usiku ikiwa na Mnyarwanda aliyeimba kwa haya na Mrundi aliyecheka sana. Majaji wenyewe walipangwa kama kikao cha mawaziri: Ian Mbugua, mtu wa jukwaa la maigizo, kutoka Kenya, Juliana Kanyomozi, mwimbaji, kutoka Uganda, Hermes Joachim kutoka Tanzania. Mbugua ndiye aliyechukiwa kwa furaha. Watu walimwita Simon Cowell wa Kenya, nami siku zote nilimwona kama mrithi halali wa yule mwamuzi wa tamasha la shule, na karatasi yake, akimwambia mtoto wa watu mbele ya ukumbi mzima kwamba alikuwa nje ya sauti tangu mstari wa pili.

Sasa turudi kwa Tanzania. Malalamiko ya wakati ule yalikuwa kwamba kila nchi inampigia kura mtu wake na Wakenya wana simu nyingi. Hesabu haikubali. Sensa ya 2012 iliwakuta Watanzania milioni 44.9. Wanyarwanda mwaka huo huo walikuwa milioni 10.5, na Warundi katika sensa ya 2008 walikuwa milioni 8 hivi. Kama taji lingekuwa la wingi wa watu, lingehamia Dar es Salaam moja kwa moja. Kama lingekuwa la wingi wa simu za Kenya, Hope Irakoze asingelipata.

Sababu ninayoiona mimi ni kile kilichoimbwa. Sehemu kubwa ya nyimbo za akademi zilikuwa nyimbo za watu wengine, na nyingi zilikuwa za Marekani na Uingereza. Mshindani alipimwa kwa jinsi alivyomkaribia Mariah Carey bila kuzama. Huo ni mtihani wa shule ya Barabara ya Harry Thuku, na wanafunzi wake bora walikuwa watoto wa kwaya za Nairobi, Kampala, Kigali na Bujumbura, walioimba sauti nne tangu Shule ya Jumapili na kuzoea nyimbo za lugha za kigeni. Kijana wa Kinondoni, Dar es Salaam, alikuwa amelelewa na shule ile nyingine. Muziki wa dansi, taarab na Bongo Flava vilimfundisha kwamba mwimbaji ni mtu mwenye wimbo wake, kwa Kiswahili, wenye kisa ambacho jirani atakielewa. Umwondolee hayo, umpe karatasi ya maneno ya Kiingereza na siku tano za mazoezi, umemkata mkono wa kulia.

Watanzania waliotoka akademini walithibitisha hivyo kwa miguu yao. Nakaaya Sumari hakushinda msimu wa 2006. Alirudi Tanzania akatoa Mr. Politician, wimbo uliowauma wenye madaraka na kufahamika zaidi ya chochote alichoimba akademini. Hemed Suleiman akageuka nyota wa filamu za Bongo. Peter Msechu, aliyekuwa amepita Bongo Star Search, shindano la Tanzania la Madam Rita, kabla ya kufika Nairobi, alimaliza wa pili 2010, na sauti yake haijawahi kukosa kazi. Tanzania ilikuwa na mashindano yake, majaji wake, na wateja wake. Haikuwa na haja ya kuhuzunika.

Wala Wakenya walioshindwa hawakuzama. Patricia Kihoro wa msimu wa 2009 aliingia redioni na kwenye uigizaji, hadi filamu ya Rafiki ya 2018. Amos na Josh walikutana kwenye shindano, wakaunda kundi la wawili, wakaimba Baadaye na rapa Rabbit. Ukiweka orodha ya washindi upande mmoja na ya walioondolewa upande wa pili, kisha ukauliza mpita njia wa Moi Avenue anawakumbuka akina nani, sidhani washindi wataongoza.

Na kundi kubwa kuliko yote ya kizazi hicho halikupita hapo kabisa. Bien, Savara na Chimano walikuwa wanafunzi wa Upper Hill School, hatua chache magharibi mwa katikati ya jiji, walipoanza kuimba pamoja. Polycarp Otieno akaongeza gitaa. Sauti Sol walikulia kwenye jukwaa dogo la Alliance Française, wakatoa Mwanzo mwaka 2008, mwaka ambao Nabaasa alitawazwa. Walikuwa watoto wa kwaya pia, ukiwasikiliza utajua, lakini walichukua kutoka shule ya pili ule ukaidi wa kutunga. Hawakuwa na kura ya mtu yeyote ya kuomba. Walidumu hadi 2023, walipoagana na mashabiki kwa matamasha. Katika muda huo nyumba za zamani za Kilimani na Lavington zilikuwa zinageuzwa moja baada ya nyingine kuwa studio, ofisi za mameneja na nyumba za matangazo. Citizen TV yenyewe iko Kilimani, barabara ya Maalim Juma. Muziki ulikuwa umehamia magharibi, ukiifuata pesa.

Baada ya 2013 Tusker Project Fame haikurudi. Mashindano mengine yalijaribu nafasi hiyo. Idols ya Afrika Mashariki ilikuwa imefanyika mara moja, 2008, ikashindwa na kuondoka baada ya Eric Moyo wa Malawi kutwaa taji, na ukiniuliza Malawi iliingiaje Afrika Mashariki nitakwambia waulize M-Net. Mwaka 2015 fainali ya Airtel Trace Music Stars ilifanyika Naivasha, Akon akiwa miongoni mwa majaji, na hapo Mtanzania, Mayunga Nalimi, akashinda bara zima. Nadharia yangu inapata nundu hapo, sikatai. Ila shindano hilo liliwapokea watu kwa kupiga simu na kuimba, sikio bila jicho, na halikuwa na miezi ya akademi ya kumgeuza mtu kuwa kivuli cha mwingine.

Mwaka huo huo wa 2015 stesheni kubwa za Kenya zilizimika kwa karibu wiki tatu katika mgogoro wa kuhamia dijitali, na vijana wengi waligundua kwamba hawakuzikosa sana. YouTube ilikuwa kwenye simu. Mwimbaji hakuhitaji tena kuteuliwa na mtu ili aonekane, na shindano la televisheni lilipoteza kitu pekee ambacho lilikuwa linauza kwa bei ya juu, yaani mlango.

Hata hivyo lilirudi mara moja zaidi, kwa fahari. East Africa's Got Talent ilirekodiwa Nairobi 2019 ikiwa na nchi nne, Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, na mchekeshaji Anne Kansiime akiwa mshereheshaji. Safari hii hakukuwa na bia, kwa hiyo watoto waliruhusiwa. Esther na Ezekiel Mutesasira, dada na kaka kutoka Uganda, walisimama wakaimba kama watu waliozaliwa ndani ya kanisa, wakaondoka na dola 50,000. Hakuna aliyeshangaa kwamba ni Waganda, wala kwamba ni kwaya. Mwaka uliofuata korona ilifunga kumbi, na msimu wa pili haukuja.

Meza ya majaji ya mwaka huo inastahili kutazamwa. Jeff Koinange wa Kenya ni mwanahabari. Makeda wa Rwanda ni DJ. Gaetano Kagwa wa Uganda ni mtangazaji, na ndiye aliyekuwa anaongoza jukwaa la Tusker Project Fame miaka ile. Wa nne alikuwa Vanessa Mdee wa Tanzania, mtu pekee mezani aliyekuwa amekula kwa kuandika nyimbo na kuziuza. Kabla mwaka haujatimia, Julai 2020, alitangaza kwamba ameachana na biashara ya muziki.